Kipande cha Mwisho cha Samaki

Dada yangu Tuva alikuwa amefungua mgahawa mjini Gävle, na jioni hiyo alitupikia mimi na babu samaki wa siki wa marehemu bibi kwa mtindo wake mpya, wenye povu la viazi. Babu alikula kimya kama yuko kanisani. Tuva alisimama pembeni akitafuna kucha, akisubiri walau neno moja.

Kikabaki kipande kimoja. Kwetu Sweden kipande cha mwisho cha sahani ya pamoja hakiliwi na mtu. Tungekilinda hadi uzeeni.

Tuva akanyoosha mkono aondoe sahani.

"Iache hapo," babu akasema, akakitia kipande mdomoni.

"Babu, mlafi wewe!" nikamshutumu kwa niaba ya taifa.

"Nyamaza. Hata kwa mapishi ya bibi yako sikuwahi kuvunja adabu hivi."

Tuva akambusu upara, akakimbilia jikoni kuleta sahani nyingine.