Malaika Hawana Dada

Fundi umeme yule walimwita Fyuzi, kwa kazi yake na kwa hasira zake pia. Aliungua upesi, lakini akishapoa hata mtoto angeweza kumpanda mgongoni. Na aliyempanda kuliko wote alikuwa mpwa wake, binti wa pekee wa dada yake, ambaye kila asubuhi bibi yake alimtuma karakanani kumwita mjomba aje anywe chai.

Wezi walipoivunja karakana kwa mara ya pili na kubeba vifaa vyote, Fyuzi alihamia kulala humo humo, akaunganisha waya wenye umeme kwenye mlango wa chuma. Jioni aliuwasha, alfajiri aliuzima. Mama yake, fundi cherehani, alimsihi auondoe.

"Mwanangu, umeme hauna macho. Haumjui mwizi wala mwenye nyumba."

"Mama, hii ndiyo kazi yangu. Najua ninachofanya."

Asubuhi moja usingizi ulimpitia. Aliyemwamsha ni jirani aliyekuwa akipiga yowe huko nje. Mtoto alikuwa amelala mbele ya mlango, kiatu kimoja kimemtoka.

Mahakama ilikuwa bado haijatoa hukumu, lakini Fyuzi alikuwa ameshajihukumu. Huko mahabusu aligoma kula, hata wakamlaza katika zahanati ya gereza. Mama yake alipokwenda kumwona, alimkuta amegeukia ukuta.

"Usijisumbue, mama," alisema bila kugeuka. "Mimi ni kama wale malaika walioanguka. Si tulifundishwa tukiwa wadogo? Binadamu husamehewa kwa sababu hajui atendalo. Wao walijua, ndiyo maana hawakusamehewa. Na mimi nilijua. Umeme ule unaufanya nini moyo wa mtu, nilijua vizuri kabisa."

"Wewe ni mwanangu, si malaika."

"Basi kamuulize padre."

Alikwenda siku ileile. Padre alikuwa nyuma ya altare akikunja mavazi ya misa. Yule mama hakumsalimu.

"Baba, malaika walioanguka wanaweza kusamehewa?"

"Karibu ukae kwanza, mama."

"Nitakaa ukishanijibu."

Padre alijua swali lile limetoka nyumba gani. Ni yeye aliyemzika mtoto. Hakutaka kumdanganya.

"Kanisa linafundisha kwamba hapana. Si kwamba huruma ya Mungu ni fupi. Wao waliona yote waziwazi, wakachagua kwa nafsi zao zote, na hawageuki tena. Hawataki kurudi."

Yule mama hakutafuta kiti. Alikaa chini sakafuni, mkoba wake bado begani.

"Hawataki kurudi," alirudia. "Na wangu hataki hata kula. Basi amekwisha."

Padre naye akakaa chini, karibu naye.

"Nisikilize mpaka mwisho. Malaika hawazaliani. Kila mmoja aliumbwa peke yake. Hana mama, hana dada, na alipoanguka hakukuwa na ndugu wa damu wa kumshika mkono. Sisi ni ukoo mmoja. Kristo alizaliwa na mwanamke, akaingia katika ukoo huu, akawa ndugu yetu. Mwanao aliujua waya, mama, lakini hakutaka mtoto afe. Na ana watu wake."

"Ana mimi tu, na hanisikii."

"Ana dada."

Alimtazama padre kama mtu aliyetukanwa. Alinyanyuka, akaondoka bila kuaga.

Lakini miguu ilimpeleka huko huko. Binti yake alikuwa mpishi katika shule ya watoto wadogo, na tangu mazishi hakuwa amelitaja jina la kaka yake. Alimkuta ameinamia sufuria kubwa, kichwa na mabega vimezama ndani, akisugua ukoko.

"Kaka yako anakufa."

"Na afe." Sauti ilitoka ndani ya sufuria. "Mwanangu alikufa bila kuulizwa."

"Sijaja kukuomba umsamehe."

Binti aliinuka, mikono imejaa povu hadi kwenye viwiko.

"Umekuja kufanya nini basi? Ulimwonya, mama! Ulijua mlango ule una nini. Na kila asubuhi ulimtuma mtoto huko huko!"

Mama aliishika meza kwa mikono miwili.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi niliyemtuma."

Hakuwa amemwambia mtu yeyote neno hilo, hata padre. Akageuka aende zake. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia, "Mama."

Alisimama.

"Msamaha sina. Nimeutafuta, sina. Wako sina, wake sina. Lakini mwambie ale. Siwezi kuzika tena. Siku nikipata nguvu nitakwenda kumwambia mwenyewe yaliyonijaa humu kifuani, na nataka nimkute hai."

Mama aliyabeba maneno yale kama mtu abebaye maji viganjani, asipunguze wala asiongeze. Fyuzi aliyasikiliza yote akiwa ameutazama ukuta. Kisha akageuka.

"Amesema atakuja?"

"Amesema akipata nguvu."

"Atanitukana."

"Atakutukana, baba. Tena sana."

Hapo Fyuzi akalia, kwa sauti kubwa isiyo na haya, na wagonjwa wengine wakatazama pembeni. Mama alilowesha kipande cha mkate kwenye maziwa, akampelekea mdomoni. Cha kwanza kilimkwama, akakikohoa shukani. Alimpangusa, akalowesha kingine.

Fyuzi alihukumiwa kifungo cha miaka mingi. Dada yake hajaenda bado. Kila siku ya kutembelewa Fyuzi humuuliza mama kama amekuja peke yake, na mama, ambaye anajua vizuri jibu lake, hugeuka kwanza akatazama mlangoni.