Goti Kwanza, Jicho Baadaye

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na bora niliseme mwenyewe kabla mke wangu Baukje hajawasimulia, maana akisimulia yeye naonekana mjinga zaidi.

Nilikwenda kwa Daktari Reinalda na mambo mawili. Goti la kulia lilikuwa limevimba kama mkate. Jicho la kushoto, tangu asubuhi, lilikuwa linanyeshewa masizi: vidoa vyeusi tele vinaelea, na pembeni kitu kinamulika kama radi isiyo na ngurumo. Kijiji chetu hapa mkoani Friesland kina daktari mmoja, na kwake mgonjwa ana dakika kumi na lalamiko moja. Una mawili? Njoo mara mbili. Bango liko ukutani, na sisi ni watu wa kutii bango.

"Haya Doekle, leo tuna nini?"

"Goti, daktari. Na jicho."

"Moja tu, bwana. Chagua."

Nikachagua goti. Msinicheke bado. Mimi ni mwezekaji wa mapaa ya matete, nimepanda ngazi miaka thelathini na minne, na goti lilikuwa linauma. Jicho halikuuma hata chembe. Mtu akiambiwa achague, anachagua kinachopiga kelele. Daktari akaliminya goti, akaniambia nimeze dawa ya maumivu na nilipumzishe. Nilipofika mlangoni nikajaribu tena.

"Hili jicho lina vidoa, daktari."

"Linauma?"

"Haliumi."

"Basi halina haraka. Ni umri huo. Miaka hamsini na minane, ulitaka uone malaika? Hylkje akupangie wiki ijayo."

Hylkje, msaidizi wake anayepokea simu na wagonjwa, akanipangia Alhamisi. Nikamshukuru! Naam, nilishukuru, nikapanda baiskeli yangu, nikaenda zangu.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Ijumaa asubuhi pazia jeusi likaanza kupanda kutoka chini ya jicho. Tulipotoka nyumbani, nikimtazama Baukje, lilikuwa limemfikia kiunoni. Tulipoingia hospitali ya Groningen lilikuwa limemfunika uso.

Daktari wa macho, mama mfupi mwenye mikono ya baridi, alinimulika hadi machozi yakanitoka.

"Vidoa vilianza lini?"

"Jumanne."

"Na radi?"

"Jumanne hiyohiyo."

"Leo Ijumaa," akasema, akaiweka taa yake chini. Akanieleza taratibu. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea picha. Wangu ulikuwa umechanika na sasa umebanduka kama karatasi ya ukutani. Vidoa vipya vya ghafla vikija na radi, mgonjwa aonwe na mtu wa macho siku hiyohiyo. "Jumanne ningeuzingira mpasuko kwa leza, ukarudi nyumbani kula supu yako."

Walinipasua kesho yake. Jicho lipo, halijatoka. Ila kwa jicho hilo kila mstari ulionyooka unapinda kama mkia wa panya, na mwezekaji asiyeona ukingo ulionyooka ni nusu ya mwezekaji.

Nilimwandikia Reinalda. Akanijibu kwa mistari mitatu: anasikitika kwa namna nilivyolipokea jambo hilo. Nilivyolipokea! Utadhani alinitumia zawadi.

"Mshitaki," Baukje akasema.

"Hapana, mama. Nasubiri mvua."

Maana paa la Reinalda nililijua. Ni la matete, na kunguru walikuwa wameshalichomoachomoa upande wa magharibi. Kwa mtu mwingine ningesimama nigonge mlango nimwonye. Kwake nilipita kila Jumapili kwa baiskeli, polepole, nikilitazama kwa jicho langu zima, na kila tete lililopungua lilinipa hamu ya chakula. Sioni aibu kusema. Ilikuwa miezi tisa mizuri.

Novemba ikaja dhoruba ya siku mbili. Simu ikalia.

"Mzee Doekle," Hylkje akasema, "tunavuja huku."

"Pole, binti yangu. Nakuja nikiimba."

Nyumba na chumba cha wagonjwa viko chini ya paa moja. Nilimkuta daktari amelowa hadi soksi, na Hylkje ameshika ndoo chini ya dari, karibu na kitanda cha wagonjwa. Tundu moja lilikuwa hapo. Jingine juu ya chumba cha kulala.

Nikatoa saa yangu. "Dakika kumi, daktari. Tatizo moja. Chagua."

Akacheka. Kisha akaniona sicheki. "Chumba cha kulala," akasema. "Godoro limelowa chapachapa."

"Vizuri. Nitaliziba hilo, niende."

"Na la humu?"

"Linauma?"

Uso ukamwiva. "Hiki ni kisasi, Doekle!"

"Tena kitamu, usiniharakishe."

"Paa si jicho!"

"Kweli kabisa. Paa nitakurudishia lilivyokuwa."

"Unataka nini hasa?"

"Useme ulikosea. Hapahapa, Hylkje akisikia. Ukishasema, napanda naziba yote mawili. Usiposema, nunua mwavuli."

Nilidhani nimemaliza. Kumbe ndiyo kwanza anapanda jukwaani. Kwamba ana wagonjwa elfu mbili na mia tatu. Kwamba kila aliyepita hamsini huona vidoa. Kwamba akiwapeleka wote kwa mtaalamu wa macho, foleni itafika baharini, na mwenye shida ya kweli atapofukia humo. Kwamba dakika kumi hakuzibuni yeye.

"Na wewe mwenyewe," akaninyooshea kidole, "radi hukunitajia! Ulisema vidoa. Radi hukuitaja!"

Hapo alinipata. Sikuitaja, ni kweli. Sisi wa huku tukiulizwa kimoja tunajibu kimoja, tunafunga mdomo. Nikamtazama kwa jicho langu moja na nusu, na yeye, alipoona imenichoma, akaanza upya kuanzia wagonjwa elfu mbili na mia tatu.

Hylkje akaiinua ndoo kwa mikono miwili, imejaa hadi maji yakamwagikia viatu vyake.

"Vimeanza lini? Kuna radi? Kuna pazia? Kuuliza hayo, daktari, nimepima, ni sekunde kumi na mbili," akasema. "Kujitetea kwako kumeijaza ndoo hii, na ulipoanza ilikuwa tupu."