Bundi Mweupe wa Norman

Norman Thirtle alishuka kwenye pikipiki ya rafiki yake Wilf akiwa hasikii magoti wala vidole. Tangu Leicester mpaka ufukwe huu wa Norfolk alikaa nyuma, theluji ikimchapa usoni, na baridi yenyewe ilikuwa ya kumkomoa mtu. Lakini bundi mweupe alikuwa ameonekana! Norman alimtamani ndege huyo wa kaskazini ya mbali tangu utotoni, na mara mbili alifika akaambiwa ameondoka asubuhi ile ile.

"Yupo!" Wilf alikuwa ameshaweka darubini machoni. "Pale kwenye tuta, nyuma ya uzio. Lo, mzuri huyo! Mwangalie, bwana."

Norman aliinua darubini yake. Mikono ikatetemeka, na tuta lote likacheza. Aliona theluji, uzio, theluji tena. Akapiga magoti, akabana viwiko mbavuni, wapi! Wilf akamshika kichwa kama kinyozi, lakini sasa pumzi zikatia ukungu kwenye vioo.

"Amegeuka. Anakuangalia wewe!"

"Wapi? Wilf, wapi?"

"Aa! Karuka."

Watazamaji wengine wa ndege waliojipanga kando yao wakashusha darubini zao, nyuso zimewachangamka. Norman aliwaonea wivu wa kuuma.

"Si umeona hata bawa?" Wilf alimnong'oneza. "Sema bawa tu. Nani atakubishia?"

Hakuna ambaye angembishia. Miongoni mwa watu hawa ukisema umemwona ndege, umemwona, yameisha. Hakuna shahidi wala kiapo. Ndiyo maana Norman alishindwa kusema uongo, ingawa aliutaka kwa moyo wote.

"Sikumwona," alisema.

Walimpeleka kwenye mgahawa wa kijijini, wakamkalisha karibu na jiko, wakampa chai.

"Jamani, mtazameni mtetemekaji wetu!" Wilf alisema, na mgahawa mzima ukacheka.

Jina likawanogea. Kabla sahani hazijaondolewa walikuwa wakiitana hivyo wenyewe kwa wenyewe, kila aliyeifukuzia safari ndefu kwa ajili ya ndege mmoja: mtetemekaji wewe, mtetemekaji mwenzangu. Norman naye akacheka, angefanyaje?

Vidole vyake vilikuwa vimepata moto zamani. Jasho lilimtoka shingoni, koti ameshalivua. Bado kikombe kiligongagonga kwenye kisahani, naye akakikodolea macho, asiweze kukituliza.