Mlango wa Hildegarda

Jioni ile nyumba zetu zilitokea kwenye kioo cha kompyuta zikiwa zimelala chali.

"Mama Imani, kambi yako imelewa," alisema Dotto, mfugaji aliyekuwa akisoma nami, ambaye hata darasani alikuja na fimbo yake. "Pombe ya wapi hiyo?"

"Ya kwenu Shinyanga. Mmeileta pamoja na ng'ombe."

Bryson, mwalimu wetu, alivuta kiti. Alikuwa kijana wa umri wa kunizalia wajukuu, lakini alifundisha kwa adabu. "Shikamoo mama. Usiogope. Programu uliyochorea nyumba na hii ya gemu hazikubaliani juu ni wapi. Zigeuze."

Nilizigeuza. Zikasimama, lakini ndogo kama viberiti, kwa sababu mimi nilichora kwa mita na gemu ilihesabu kwa inchi. Nikarekebisha hilo pia. Kisha nikaingiza faili la pili, lenye msalaba mmoja tu.

Imani ni mtoto wetu wa kwanza. Tulimzika kwenye kambi ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Kilosa, mume wangu Lupakisyo alipokuwa kwenye genge la kutengeneza reli. Baadaye tukahamishiwa Kidatu, kisha ukaja ubinafsishaji. Genge likapunguzwa, shamba likauzwa, nasi tukahamia Mikumi, ambako Lupakisyo alipata kazi ya kulinda malori yanayolala kando ya barabara kuu. Mwenye shamba mpya alivunja kambi na kung'oa misalaba. Sasa alitaka kulima. Tulipokwenda kumwomba msimamizi wake, alitukubalia jambo moja: tukimwonyesha kaburi lilipo, atatuachia kipande kimoja cha kuzungushia uzio. Trekta lingeingia Jumatatu.

Kambini tulikuta majani yametufika kiunoni. Kilichobaki ni misingi ya nyumba, na kokoto za reli ndogo iliyokuwa ikibeba mkonge, hadi pale swichi ilipoigawa njia mbili. Reli yenyewe ilishang'olewa ikauzwa chuma chakavu. Tulipima vyote kwa utepe, tukarudi Mikumi.

Ndipo nilipofikiria darasa. Jioni, katika ukumbi wa kanisa, Bryson alitufundisha kuchora kwa kompyuta, akitumia gemu ya kupigana mahandakini, yenye programu ya kujitengenezea ramani yako na kutembea ndani yake. Wenzangu walitengeneza gereji na baa. Mimi niliomba kutengeneza kambi. Misingi tulikuwa tumeipima. Kaburi Lupakisyo alilipima siku ya mazishi, kwa sababu mtu wa genge haamini macho. Alianzia kwenye swichi ya reli ndogo, akahesabu mataruma yanayobeba reli, akageukia kambini, akanyoosha kamba. Vipimo hivyo anavitaja hadi leo bila kukosea, kama mwingine asemavyo Baba Yetu. Niliamini nikiviweka pamoja na misingi, vitakutana, nami nitajua pa kuchimbia nguzo.

Jioni ile msalaba ulitokea ndani ya nyumba ya jirani yetu wa zamani, Hildegarda. Chumbani.

"Kila faili lina sifuri yake, pa kuanzia kupima," alisema Bryson. "Yote mawili yaanzie kwenye swichi."

Nilifanya hivyo. Msalaba haukutoka chumbani. Bryson akasema huenda gridi, ile mistari ya kupangia, inavuta pembe za nyumba, tukaizima. Haukutoka. Nikafuta vyote na kuviingiza upya, kila hatua nikisali kimoyomoyo: Bwana, wewe uliyeiwekea bahari mpaka wake, nionyeshe mpaka wa mtoto wangu. Nilipoingia kutembea ndani ya ramani, mbele yangu kulikuwa na mkono ulioshika bunduki.

"Bryson mwanangu, niondolee hiyo. Siendi makaburini na bunduki."

Aliiondoa. Nikatembea mikono mitupu hadi ukutani, nikapita, nikasimama chumbani kwa watu mbele ya msalaba.

Nyumbani nilimwambia Lupakisyo. Alikataa kabisa. "Ukisimama kaburini, mlango wa jiko wa Hildegarda unakutazama usoni. Mbele yako mlango, mgongoni reli, nyuma ya reli mto. Kama mashine yenu inasema vingine, ifundisheni."

Hildegarda huja Mikumi kuuza mchele wa Kilangali. Ijumaa nilimfuata stendi, nikampeleka ukumbini akiwa bado na vumbi la magunia. Aliinama kwenye kioo, akaitambua nyumba yake, akapiga makofi.

"Hata dirisha! Na huyu nani mmemzika chumbani kwangu?"

"Ni Imani," nilisema.

Akaugusa msalaba kwa kidole. Kisha akauliza reli tumeipima wapi. Nikamwambia kwenye kokoto.

"Mama Imani, kokoto hizo ni za reli mpya. Ule mwaka wa mafuriko mto ulikula tuta, shamba likaihamisha reli kuja upande wetu. Nyie mlikuwa mmehamishiwa Kidatu. Mliporudi kupima majani yalikuwa yameshaota, nani angewaambia?"

"Waliisogeza kiasi gani?"

"Si sana." Akafikiri. "Au sana. Nakumbuka tu kelele za kiberenge cha mkonge zilianza kutuamshia watoto."

"Na tuta la zamani?"

"Liko mtoni."

Kwa hiyo kompyuta haikukosea, wala Lupakisyo hakukosea; yeye alianzia reli ya zamani, sisi mpya. Nilishika msalaba nikaanza kuurudisha kuelekea mtoni. Ulitoka chumbani, ukapita jikoni, ukafika uwanjani, na hapo mlango wa Hildegarda ukautazama usoni. Nikausogeza tena. Mlango ukautazama bado. Nikausogeza hadi ukingo wa mto, na kila niliposimama na kugeuka, mlango ulikuwa mbele yangu, umenyooka, kama alivyosema mume wangu. Mahali pote palikuwa sahihi.

Dotto aliilaza fimbo yake sakafuni, akavuta kiti karibu nami.

"Mama," Bryson alisema polepole, "uweke katikati. Mzee atatulia. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

Sikuuweka popote. Nilizima mashine bila kuhifadhi, nikaomba Mungu anipe neno la kumwambia mume wangu. Sikupewa. Nilimweleza hivyo hivyo, kama nilivyoelezwa. Alisikiliza hadi mwisho, akavua kofia, akaivaa tena.

"Mataruma niliyahesabu vizuri," alisema.

"Uliyahesabu vizuri."

Jumatatu tulikwenda Kilosa. Nilimwomba msimamizi atuachie ukanda wote, kutoka misingi hadi mtoni. Alinionea huruma, naamini hivyo, lakini alisema kibali chake ni cha kipande kimoja, na dereva wa trekta alikuwa ameshawasha injini. "Mama, nionyesheni tu. Ni wapi?"

Sikuweza kuinua kidole. Lupakisyo aliuacha mkono wangu akaingia majanini. Alitembea kidogo, akageuka kuutazama msingi wa Hildegarda, akarudi nyuma, akasimama. Akachomeka nguzo ya kwanza.

"Hapa."

Nilimfuata. "Umejuaje?" nilimnong'oneza.

"Sijajua. Trekta linangoja."

Tulichomeka nguzo, tukazungusha waya. Ndani hapakuwa na tuta la kaburi wala jiwe, ila majani kama ya nje. Lupakisyo alipiga magoti akashika waya, akaanza kusali, nami nikapiga magoti kando yake. Niliitikia kila alipotulia. Lakini macho sikuyafumba. Trekta lilikuwa limepita ule uzio, linakwenda na kurudi kati yetu na mto, nami nilikuwa nikiutazama udongo uliopinduka nyuma ya majembe yake, mstari baada ya mstari.