Stika ya Kijani

Fundi alikuwa mtu wa kulala chini. Kwa miaka thelathini ya kazi mgongo wake uliizoea sakafu ya gereji kuliko godoro, na ukimwambia gari fulani ni zima, alikuwa na swali moja tu la kukuuliza: "Umeliangalia kwa chini?" Kama hukuliangalia kwa chini, basi hukuliangalia kabisa, na usimpotezee muda.

Ndiyo maana Matroni wa nyumba ya wagonjwa wa kiharusi hakuhangaika kutafuta mkaguzi. Alikuwa ameamua kufanya siku ya kuchangisha, watu walipie kuzungushwa mjini kwa magari ya zamani, wagonjwa wapate mashine ya kujifunzia kutembea. Akamkabidhi Fundi karatasi ya stika za kijani.

"Gari lisilo na stika yako halibebi mtu hapa," akamwambia. "Hata likiwa langu."

"Huna gari, Matroni."

"Ndiyo maana naweza kusema hivyo."

Fundi naye akaongeza sheria yake: kila dereva aache simu kwenye kikapu mezani kabla ya kuondoka. Alikuwa anawajua wenye magari ya zamani. Hawakawii kujipiga picha huku wanakata kona.

Jumamosi ile saa moja asubuhi magari matano yalikuwa yamejipanga uani, yamesuguliwa mpaka unaweza kujitazama meno. Fundi akavaa ovaroli juu ya shati jeupe alilopigiwa pasi na mkewe, akatandika boksi lake chini, akaingia chini ya gari la kwanza. Halafu la pili. Kigari cha Mwalimu mstaafu, kilichoitwa Kobe kwa sababu ambazo hata mwenyewe hakuzikana, kilimchukua nusu saa nzima.

"Unatafuta nini huko, hazina?" Mwalimu akamuuliza.

"Natafuta sababu ya kukunyima stika."

Hakuipata. Akambandikia kiooni, akaenda kwa lingine.

Gari la sita lilichelewa. Lilifika saa tatu, watu wameshapanga foleni mpaka getini: gari refu la rangi ya krimu, usukani mkubwa kama sinia, na nyuma ya usukani shemeji yake Fundi, kaka wa mkewe, anacheka peke yake. Lilikuwa gari la marehemu baba yake. Lilikuwa limelala chini ya turubai kwa miaka miwili, tangu mzee azikwe na mama aanguke kwa kiharusi mwezi huohuo. Shemeji alikuwa amelifufua mwenyewe jioni baada ya jioni kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ilikuwa inamsubiri kwenye kiti cha magurudumu chini ya kibaraza, kitambaa cha bluu kichwani, macho yamemtoka kwa furaha.

Mama mkwe. Kiharusi kilikuwa kimemchukulia upande wa kushoto na nusu ya maneno. Yaliyobaki aliyatoa moja moja, kwa shida, kwa hiyo hakuyapoteza.

Fundi alipomaliza gari la tano na kuja anafuta mikono, alikuta mambo yamekwisha. Wauguzi wawili walikuwa wamemnyanyua mama, wamemkalisha kiti cha mbele, mkanda umefungwa, mlango uko wazi na miguu yake bado iko nje. Na hapo, jamani, ndipo Fundi alipokwama. Upande wa dereva ukuta uliacha upenyo wa kusimama tu; ili aone gari kwa chini, ingebidi alale chali miguuni pa mama mkwe wake, kichwa chini ya sketi yake, umati unatazama. Au aamuru ateremshwe, wauguzi waanze upya, robo saa nyingine ya kumnyanyua na kumuumiza. Mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa anamsalimia akiangalia chini!

"Breki?" akauliza.

"Kama mwamba, shem," shemeji akajibu. Kisha, kwa kuwa mashemeji hawawezi kupishana bila kuchomana, akapaza sauti: "Au unataka kumlalia mama miguuni mbele za watu?"

Watu wakacheka. Hata Matroni alicheka. Fundi akahisi masikio yanawaka moto. Akazunguka upande wa dereva, akainama, akabonyeza pedali ya breki mara mbili kwa mkono. Ilikuwa ngumu, haikuzama. Akabandua stika, akaibandika kiooni, akatabasamu kama wenzake.

Gari likatoka getini linapiga honi, watu wanapiga makofi.

Fundi alikuwa bado anatabasamu alipotazama pale lilipokuwa limesimama. Kwenye saruji, usawa wa gurudumu la nyuma la kulia, kulikuwa na unyevu wa ukubwa wa kiganja. Alijiambia ni maji. Waliliosha asubuhi, si ndiyo? Akachuchumaa, akagusa kwa kidole, akasugulia kwenye dole gumba. Yaliteleza. Akanusa. Hayakuwa ya injini, wala petroli.

Mafuta ya breki.

Magari ya siku hizi yana breki za njia mbili, moja ikifa nyingine inakusitiri. Gari lile lilikuwa na njia moja tu: raba ya breki ya gurudumu moja ikivujisha mafuta, yote manne yamekwenda. Na raba iliyokauka kwa miaka miwili hushika vizuri mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi. Halafu pedali inazama mpaka sakafuni, na umebaki wewe na dua zako.

Akakimbilia mezani, akapiga simu ya shemeji. Ikaita palepale mbele yake, ndani ya kikapu, juu ya simu nyingine, inatetemeka. Ilikuwa sheria yake mwenyewe!

Njia aliijua, maana alikuwa ameichora yeye na Matroni. Magari yanazunguka uwanja wa mpira, yanapanda taratibu mpaka kwenye tangi la maji kileleni, yanasimama dakika tano kwa picha, kisha yanashuka kwa mteremko mkali wa upande wa pili. Chini ya mteremko kuna njia panda ya barabara kuu, malori yanapita usiku na mchana. Lakini mteremko huohuo ulikuwa mita mia mbili tu kutoka getini. Ukiupanda kinyume cha njia hiyo, unaweza kuwakuta bado juu.

"Mwalimu! Funguo!"

"Funguo za nini?"

"Za Kobe! Nipe, nitakueleza!"

"Kobe hapokei mgeni," Mwalimu akasema, lakini alishaona uso wake na alishakaa kwenye usukani. "Ingia."

Wakatoka. Kobe alikohoa getini, akakohoa kwenye kona, akauanza mlima kwa gia ya pili, kisha ya kwanza, injini inalia na mwendo ni wa mtu anayekwenda kuazima chumvi. Fundi alikuwa anaisukuma dashibodi kwa mikono miwili kana kwamba itasaidia.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga mpaka mwisho, Fundi. Hii ndiyo mbio yake. Kuna nini?"

"Breki za shemeji zinavuja."

Mwalimu akamtupia jicho. "Si umelikagua?"

"Nimeona mafuta chini lilipokuwa limesimama."

"Sijakuuliza hilo."

Mwalimu aliyefundisha miaka arobaini hahitaji jibu kujua nani hakufanya kazi yake ya nyumbani, na Fundi alitamani mlango ufunguke adondoke. Mama wa mke wangu, alijiambia. Nimembandikia stika akafe.

Ndipo wakaliona. Gari la krimu lilichomoza kwenye kona ya juu, pua imeelekea chini, honi imekandamizwa moja kwa moja bila kuachiwa. Halikuwa linakwenda mwendo wa matembezi. Kichwa cha shemeji kilikuwa kinapanda na kushuka nyuma ya kioo, na Fundi alielewa: anapiga pedali, anapiga tena, na pedali haina kitu.

"Nimzibie njia?" Mwalimu akauliza.

"Atatupondaponda sote. Pisha! Pisha!"

Mwalimu akamtupa Kobe pembeni. Fundi alikuwa ameshafungua mlango, amesimama barabarani, mikono juu, bila kujua anataka kusimamisha nini na kwa nguvu zipi. Alimwona mama mkwe waziwazi. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa ameinama upande wa kulia, mkono wake mmoja mzima umeshika kitu katikati ya viti, na alikuwa anakivuta kwa mwili wake wote uliobaki.

Magurudumu ya nyuma yalilia. Moshi ukatoka, na harufu ya kuungua. Gari likayumba, likaparuza ukingo wa barabara kwa ubavu, likaparuza tena, likapunguza, likasimama hatua kumi kutoka alipokuwa Fundi. Honi ikanyamaza.

Shemeji alikuwa analia, mguu wake bado unakanyaga pedali iliyokufa. Mama alikuwa ameshikilia hendibreki kwa vidole vilivyoganda.

"Toa... mguu," alikuwa anamwambia mwanawe. "Toa. Hakuna... breki."

Fundi akabeba mawe kutoka mtaroni, akayaweka mbele ya magurudumu. Aliporudi mlangoni, mama alikuwa anatazama mteremko kwa utulivu wa ajabu.

"Baba yenu," akasema, "siku zote... breki nzima. Siku zote." Akapigapiga hendibreki. "Mimi... ndiye... breki."

Shemeji akacheka na kulia kwa pamoja. Kumbe alikuwa amesahau! Kila safari ya utotoni, kila mteremko, mzee anaapa kwamba gari ni zima na mama, mkono tayari katikati ya viti, anatazama mbele bila neno.

Watu walifika mbio kutoka chini, Matroni mbele yao na kipaza sauti chake shingoni. Wauguzi wakafungua mlango wa mama, wakamgeuza miguu nje apate hewa. Walikuwa wameshaambiana njiani jinsi Fundi alivyoona mafuta, alivyokimbia, alivyosimama barabarani. Habari ikipanda mlima hunenepa. Shemeji akamkumbatia mbele ya wote.

"Kosa ni langu, shem. Wewe ungejuaje? Mungu akubariki."

"Mshangilieni fundi wetu!" Matroni akasema, kipaza sauti kikakwaruza. "Na msiogope, magari yaliyobaki yote yana stika yake!"

Makofi. Mwalimu alikuwa ameegemea Kobe, hapigi makofi, hatazami pembeni. Fundi angeweza kunyamaza. Mwalimu asingesema, angemtazama tu hivyo mpaka kaburini.

"Hili sikulikagua," Fundi akasema.

"Nini?"

"Hili sikulikagua! Nilibandika stika bila kulala chini. Nilimwona Mama amekaa, nikaona haya, mkanicheka, nikabandika. Ningelala ningeyaona mafuta."

Shemeji aliondoa mkono begani kwake.

"Na yale mengine?" Matroni akauliza, bila kipaza sauti.

"Yale nililala chini."

"Nitajuaje?"

"Hutajua," Fundi akasema, na lilimuuma kuliko lolote alilowahi kusema. "Zibanduliwe zote. Warudishie watu pesa zao."

Ndipo mama mkwe akagonga ubavu wa gari kwa kiganja, mara mbili, mpaka wote wakageuka.

"Lala," akasema.

"Mama?"

"Lala... chini. Sasa. Mimi... nipo."

Fundi alitazama miguu ya mama, viatu vyeusi vilivyofungwa na muuguzi, imening'inia nje ya mlango. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na yeye alikuwa ameuficha wake kwa gharama ya kutosha. Hakuwa na boksi, na ovaroli alikuwa ameivua uani. Akalala chali kwenye lami na shati lake jeupe, akajisogeza kwa visigino, kichwa kikapita chini ya viatu vya mama mkwe wake, umati unatazama. Hakuna aliyecheka.

Chini kulikuwa na joto na harufu ya kuungua. Tone likakusanyika kwenye gurudumu la nyuma la kulia, likanenepa, likadondoka.

"Unaona?" sauti ikauliza juu yake.

"Naona, Mama."

"Sema... wasikie."

Akasema.