Baba Alipokaa Kitini

Mume wangu alikuwa mwongozaji mzuri wa maigizo, hilo simnyimi. Angeweza kumchukua mtu asiyejua hata kusoma tangazo kwa sauti, akamfanya awalize watu ukumbi mzima. Nyumbani kipaji hicho hicho alikitumia kwa mikono.

Mchezo wa mwaka ule ulihusu familia moja: baba anayepiga, mama anayepigwa, binti yao, na mjomba anayekula kwao kila siku huku akijitia hamnazo. Baba aliigizwa na mume wangu mwenyewe. Mama nilipewa mimi. Mjomba alikuwa Bucha, muuza nyama mwenye mwili wa jabali na woga wa kuku. Binti aliigizwa na binti yetu wa kumzaa, aliyekuwa anamalizia shule. Mavazi aliyashona Fundi, mama mmoja mwenye mdomo usio na breki, ambaye hakosi mazoezi ingawa haigizi.

Kikundi chetu kilikuwa na desturi yake. Kabla ya kupanda jukwaani, kila mwigizaji hukaa kwenye kiti cha mbao katikati ya ukumbi, na wenzake humchambua mhusika wake kwa maswali. Ukishakaa, wewe si wewe tena. Unajibu kwa "mimi", hukatai swali, na hakuna anayeruhusiwa kukukatiza. Desturi hiyo aliianzisha mume wangu, na aliipenda kuliko alivyotupenda sisi.

Jumamosi moja mchana nikakaa mimi kwanza.

"Mama huyu simwelewi," Bucha alisema. "Miguu anayo, ndugu anao. Kwa nini haondoki?"

"Nikiondoka peke yangu, atamgeukia binti," nilijibu. "Nikiondoka naye, atatufuata. Nikibaki, ananipiga mimi tu. Nimechagua hilo."

"Safi sana!" Mume wangu alipiga makofi. "Mmesikia? Huyu mama si mjinga. Anapenda, ila mapenzi yake yamepinda."

Nilitamani kumtemea mate. Maneno yale hayakuwa ya mhusika, yalikuwa yangu. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akimgusa mwanangu hata kwa kofi, na kila niliposhindwa kugeuka kitandani kwa maumivu nilijiambia kwamba mwili wangu unafanya kazi. Nilikuwa nimeapa kwamba siku atakayomgusa, mmoja wetu atazikwa.

Kisha akakaa yeye. Akafumba macho, kama kawaida yake anapomwingia mhusika.

Fundi ndiye aliyeanza. "Baba, mkeo unampiga wapi?"

"Mbavuni," alijibu bila kufikiri. "Na mgongoni. Usoni watu wataona. Kwanza namwekea mto, alama zisitoke haraka, na sauti isitoke kabisa."

Bucha akafunua kurasa za mchezo mbele, akazirudisha nyuma. Kwenye mchezo, baba anampiga mama kofi la uso mbele ya wageni, basi. Habari za mto hazimo. Fundi akanigeukia. Juzi alipokuwa ananipima gauni nilishtuka utepe wa kupimia uliponigusa ubavuni, nikamwambia nilijigonga kabatini. Sasa alikuwa ananitazama macho yamemtoka, nami nikaangalia sakafu kwa aibu, kana kwamba aliyefanya kosa ni mimi.

Na mwenzangu ndiyo kwanza ananogewa. "Halafu namletea chai," aliendelea, macho bado yamefumbwa. "Mwanamke ukimletea chai baada ya kipigo, atakushukuru."

"Na mjomba?" Bucha aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mjomba ni tumbo. Mradi ameshiba, haoni."

Bucha akafunga kurasa zake.

Ndipo binti yangu alipoinuka. "Na mimi, baba?"

"Wewe una mdomo mrefu."

"Ulinikaba jikoni, ukanibamiza kichwa ukutani. Waeleze hawa nilikosa nini." Akafungua skafu aliyokuwa ameivaa. Alama za vidole zilikuwa shingoni, nyekundu zingine na nyeusi zingine.

Mume wangu akafumbua macho. Akaruka kutoka kitini, akamkamata binti nywele, akamzaba kofi lililomwangusha chini, kisha akampiga teke la tumbo. Bucha alikuwa bado ameketi.

"Jamani, haya bado ni mazoezi?" aliuliza.

"Mazoezi gani na mtoto anatoka damu!" Fundi akapiga yowe.

Mimi nilikuwa nimeshafika. Nilinyanyua kiti alichokiacha, nikamshushia mgongoni mpaka kikavunjika. Akageuka, akanipiga ngumi ya mdomo, na nikalihisi jino langu likielea juu ya ulimi. Akanisukuma chini, akanikanyaga mkono. Wacha niseme ukweli: nilifurahi. Siku zote nilikuwa napigwa, leo nilikuwa napigana. Mguu mmoja wa kiti ulikuwa karibu yangu. Nikaushika kwa mkono mzima, nikainuka, nikamtandika nao tayani, na nilisikia kitu kikivunjika ambacho safari hii hakikuwa changu. Akapiga magoti.

Hapo ndipo Bucha alipozinduka. Alimkumbatia mume wangu kwa nyuma kwa ile mikono inayobeba nusu ng'ombe kila asubuhi, akamwinua, akambana asifurukute.

Mume wangu akatema damu, akajaribu kucheka. "Mmeona?" alisema kwa taabu. "Hisia ndiyo hiyo. Turudie toka mwanzo."

Nikachuchumaa kando ya mwanangu, nikampangusa pua kwa kiganja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alisema nikinyamaza hatakupiga tena," alinong'ona. "Nikanyamaza. Nikadhani kweli ameacha, mama, maana sikuwa nasikia kitu. Nimejua leo, aliposema mto."

Uchungu ulinipanda mpaka nikashindwa kulia. Mimi nilikuwa nafia upande mmoja wa ukuta ili yeye apone, na yeye alikuwa anafia upande wa pili ili nipone mimi, na mwanamume mmoja alikuwa anatupitia wote kwa zamu.

Nikasimama. "Bucha, mwachie."

Bucha akautazama mguu wa kiti mkononi mwangu. "Shemeji, utamuua."

"Ndiyo maana nasema umwachie."

Hakumwachia. Basi nikampiga vivyo hivyo akiwa ameshikwa, goti moja kwanza, kisha la pili, naye akalia kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Fundi akaenda kufungua madirisha yote ya ukumbi, moja baada ya jingine, ili mtaa mzima usikie.