Dubu wa Kituo cha Nne

"Usiniambie mimi habari za ndoo," Rosaire alisema, kisha akaigonga tena kwa makusudi, pa-pa-pa, palepale ghalani mbele ya pua yangu. "Miaka arobaini naigonga. Hakuna dubu aliyewahi kuniletea barua ya malalamiko."

"Dubu hajalalamika. Jirani ndiye aliyepiga simu."

"Kulalamika?"

"Afadhali angelalamika, Baba. Anashangilia."

Rosaire ni baba mkwe wangu. Ana miaka sabini na tisa, magoti mawili yaliyochoka, na masikio yanayosikia yanachotaka. Alikuwa amejaza ndoo donati zilizochacha, akamimina juu molasi, ile shira nyeusi ya miwa, na sasa alikuwa anatafuta kofia yake aende Kituo cha Nne kama kawaida, saa nane kamili mchana. Kofia nilikuwa nimeikalia mimi.

Ilikuwa Ijumaa. Msimu wa kuwinda dubu ulikuwa unafunguliwa Jumatatu, na sisi tulikuwa na vituo saba vya chambo msituni: mapipa saba ya bluu, kila moja limefungwa mtini kwa mnyororo, lina tundu la kupitisha mkono wa dubu, na kibao chenye jina langu. Jina langu, Jacinthe Daigle, kwa sababu leseni ya kuongoza wawindaji ni yangu. Mume wangu, Gilles, huendesha lori la magogo na hurudi Jumamosi. Kwa hiyo mtu akifanya upuuzi kwenye pipa lolote kati ya yale saba, askari wa wanyamapori anakuja kugonga mlango wangu.

Vituo sita viko mbali, hakifikiwi hata kimoja bila pikipiki ya magurudumu manne na mgongo wa kuivumilia. Cha Nne kiko nyuma ya shamba la viazi, dakika kumi kwa miguu, njia tambarare. Ni cha Rosaire. Ndicho pekee ambacho bado anaweza kukifikia bila kubebwa na mtu. Nyumba nzima tulilijua hilo na hakuna aliyelitamka: siku Kituo cha Nne kitakapofungwa, Rosaire naye atakuwa amestaafu.

Ndiyo maana nilikuwa nimekalia kofia badala ya kuitupa jikoni motoni.

"Sikiliza," nikamwambia. "Bi Hadlock anafuga kuku. Kila saa kumi anawaita kwa kugonga ndoo ya bati. Leo asubuhi kanipigia, 'Jacinthe, mpenzi, sijui kama nikueleze, nina kipaji na wanyama.' Nikamuuliza kipaji gani. Akasema, 'Nikigonga ndoo, dubu anakuja. Anakaa chini anangoja kama mtoto wa shule. Nimempa jina Clarence.'"

Rosaire akaiweka ndoo chini. "Clarence ndiye yupi?"

"Ana sikio la kushoto lililochanika."

"Huyo ni Notari!" Sasa alikasirika kwelikweli. "Notari ni wangu! Nimemlisha miaka mitatu, anakuja mwanamke kutoka pwani juzi mwezi wa tano, anamwita Clarence?"

"Baba! Hilo ndilo ulilolisikia katika maneno yote?"

"Nyumba yake iko ng'ambo ya kijito. Nimehesabu hatua mwenyewe. Sheria inataka mita mia nne na hamsini, pale ni mia saba na ushee. Sheria iko upande wetu."

"Dubu hajui sheria. Dubu anajua ndoo. Umemfundisha kwamba ndoo ikilia, chakula kipo."

"Ndivyo chambo kinavyofanya kazi, Mama Élise. Au hilo chuoni hawakukufundisha? Diploma ya misitu, lakini dubu hujui. Ukimwaga kimyakimya anakuja usiku, na usiku hapigwi risasi. Ukigonga, anakuja mchana. Babangu aligonga, na mimi nagonga."

"Babako hakuwa na jirani mwenye nyonga ya chuma."

Hilo hata yeye alilijua. Bi Hadlock alibadilishwa nyonga mwezi wa sita. Anatembea kwa fimbo. Kukimbia, hata akifukuzwa na bata, hawezi.

Lakini Rosaire si mtu wa kushindwa kwa hoja. Alisema mimi nazusha, kwamba mwanamke yule ameona mbwa mnene akamwita dubu, kwamba watu wa pwani huona dubu hata kwenye kisiki. Nikamwambia basi hakuna haja ya kubishana, leo hagongi ndoo, anapanda kwenye pikapu, tunaenda kwa Bi Hadlock saa kumi tukaone.

"Na dubu wasipokula leo? Siku tatu kabla ya msimu? Unaharibu kazi ya mwezi mzima."

"Panda, Baba."

"Kofia yangu."

Nikampa kofia. Ilikuwa imebonyea. Alinitazama kama nimekalia maiti.

Kwenye baraza ya Bi Hadlock tulikaribishwa kwa keki. Kila ninapokwenda pale nakaribishwa kwa keki, na kila mara naondoka nimekasirika kwa sababu mpya. Yule mama alifundisha kwaya shuleni miaka thelathini, na anaongea na kila kitu kana kwamba kimechelewa kuingia kwenye wimbo.

"Mmekuja kumwona Clarence! Mzee Rosaire, karibu, kaa hapa. Clarence ni mpole mno. Jana alikaa pale kwenye mti wa tufaha, nikamrushia mahindi kidogo."

"Umemrushia mahindi," nikasema.

"Kidogo tu. Kiganja."

"Bi Hadlock, huyo ni dubu wa kilo mia na themanini. Ukimrushia leo, kesho anataka kiganja chenyewe."

"Jacinthe, wewe huwa unaona ubaya tu." Akanigonga mkono kwa upole, kama mtoto aliyekosea noti. "Nyie si mnawalisha pia? Mapipa mazima?"

Rosaire alicheka. Alicheka hadi keki ikamkwama. Nikatazama saa. Ilikuwa saa kumi kasoro mbili.

"Gonga basi," nikamwambia. "Lakini ubaki hapa barazani. Usishuke ngazi."

Alishuka ngazi. Bila shaka alishuka. Akasimama katikati ya ua na fimbo mkono mmoja, ndoo ikining'inia kwenye kiwiko cha mkono huohuo, akaigonga kwa kijiko cha mbao. Pa-pa-pa. Kuku wakaja mbio kutoka kila upande. Tukangoja. Rosaire alianza kutabasamu.

Halafu vichaka vya kando ya kijito vikatikisika na Notari akatoka.

Hakunyemelea. Alikuja kama mtu anayekwenda dukani. Sikio limechanika, kifua kinagusa majani, manyoya yanang'aa kwa mafuta ya kukaangia ambayo sisi wenyewe tulikuwa tumeyamwaga chini ya pipa la Nne. Kuku wakatawanyika. Akapita mti wa tufaha ambako kwa maelezo ya Bi Hadlock ndiko alikokaa jana, na hakukaa.

"Clarence, pale!" Bi Hadlock akamwambia kwa sauti ya kwaya. "Kaa pale!"

Hatua kumi na tano. Kumi na mbili. Bi Hadlock akarudi nyuma hatua moja, fimbo ikazama kwenye udongo laini, akayumba. Ndipo tabasamu likamtoka usoni.

Rosaire alisimama. Akavuta pumzi, akapaza sauti ile ile ambayo nimeisikia ikifukuza ng'ombe, wauzaji wa vitabu vya dini na wachumba wawili wa binti yangu Élise: "Wewe! Toka! Nenda zako!"

Dubu akageuza kichwa. Akamtazama Rosaire. Masikio yote mawili, lile zima na lile lililochanika, yakasimama mbele, na akaanza kuja kwetu kwa haraka zaidi, huku akinusa, ulimi nje. Ile sauti aliijua. Miaka mitatu alikuwa ameisikia kila mchana wa majira ya chambo ikinung'unika juu ya pipa, ikilaani magoti na mbu, na kila mara baada yake donati zilikuwepo.

"Nimesema toka!" Rosaire akapiga kelele, na dubu akaongeza mwendo.

"Nyamaza, Baba! Nyamaza kabisa!"

Nilishaingia kwenye pikapu. Nikaiwasha, nikalalia honi, nikapita juu ya maua ya Bi Hadlock moja kwa moja mpaka kati ya dubu na wao wawili. Notari alisimama. Honi ilimkera tu, haikumtisha. Aliitazama pikapu yetu, ile ile inayonuka molasi kila kona, na nadhani alifikiri imekuja imejaa. Ikabidi nimsukume. Nilimgusa ubavu kwa bampa, polepole, na hapo ndipo alipoghadhibika, akapuliza pua, akapiga taa ya kulia kibao ikavunjika, akageuka kurudi vichakani. Hakukimbia. Aliondoka kama mgeni aliyenyimwa chakula.

Nikashuka. Bi Hadlock alikuwa amekaa chini kwenye majani, ndoo mapajani.

"Umeumia?"

"Hapana." Midomo yake ilikuwa myeupe. "Jana alikaa. Nakuapia alikaa."

"Jana alikuwa ameshiba. Rosaire alimlisha saa nane. Leo nimemzuia." Nikamwinua. "Mahindi yote yaingie ndani leo. Kuku utawalisha kwa bakuli la plastiki, asubuhi, kimya. Nitakuja kesho kukuwekea waya wa umeme kuzunguka banda. Na ukimpa tena dubu jina nitakupeleka mwenyewe kwa askari wa wanyamapori."

"Sawa, Jacinthe," akasema. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano hakuniita mpenzi.

Tulipovuka daraja Rosaire akaiweka kofia sawa.

"Jumatatu yule mgeni mwindaji anakaa juu kwenye ulingo wa Nne," akasema. "Risasi moja, tatizo limekwisha. Siku tatu tu. Sitagonga."

"Leo Ijumaa. Jumamosi saa kumi na Jumapili saa kumi atarudi uani kwa Bi Hadlock kabla ya hiyo risasi. Na kamera tuliyoifunga mtini pale Nne imepiga picha dubu sita, Baba, si mmoja. Jike na watoto wawili wa mwaka jana wamo. Wote wamesoma shule moja, mwalimu mmoja."

"Mgeni je? Utamwambia nini?"

"Atakaa Kituo cha Saba."

"Na mimi je?"

Swali lilitoka dogo. Sijawahi kumsikia Rosaire akiuliza swali dogo. Ningeweza kumwambia kwamba tutaona, kwamba labda mwakani, kwamba nitaongea na Gilles. Watu humwambia mzee maneno kama hayo halafu humwacha kwenye kiti. Sikutaka.

"Wewe huwezi tena kumlisha dubu aliye karibu na nyumba ya mtu. Anaijua sauti yako kuliko anavyoogopa gari. Umeona mwenyewe."

"Nimeona."

"Basi Nne imefungwa."

"Lini?"

Nilishapinda kuingia njia ya shamba la viazi. "Sasa hivi."

Njia ile haijatengenezwa kwa pikapu. Tulivunja matawi pande zote mbili. Rosaire alishika dashibodi akinilaani kwa Kifaransa cha mamake, na mimi nikamwacha, kwa sababu kila alipolaani alikuwa bado hajalia. Kwenye kituo palikuwa kimya, mafuta yananuka, udongo mweusi umekanyagwa mpaka unang'aa. Nikaegesha kinyumenyume mpaka kwenye pipa, nikaacha injini inaunguruma.

"Ufunguo wa kufuli," nikasema.

"Uko nyumbani."

"Uko mfukoni mwako."

"Sikumbuki."

Nikachukua mkasi wa kukatia chuma nyuma ya kiti. Mnyororo ulikuwa mnene. Nililazimika kuegemeza mkono mmoja wa mkasi chini na kuukalia wa pili. Ulikatika kwa kishindo. Kibao chenye jina langu nikakibandua, nikakitia mfukoni. Kisha nikalilaza pipa, nikalibiringisha, na hapo nikakwama, kwa maana pipa nusu la donati na molasi halipandi kwenye pikapu kwa hasira peke yake.

Mlango ukafunguliwa. Rosaire akashuka, goti la kwanza, goti la pili, akaja akashika upande wa chini.

"Hujui hata kubeba," akasema. "Mgongo nyooka. Tatu. Mbili."

Likapanda.

"Udongo nao," nikasema. "Wakirudi wasikute cha kulamba."

"Najua. Nilianza kusafisha vituo kabla hujazaliwa." Akachukua koleo la kwanza. Akachimba, akapumzika, akachimba. Nikashika la pili. Tulijaza udongo ule unaonuka kwenye magunia manane ya viazi. Nikapanda kuufungua ulingo, nikaushusha mbao kwa mbao, na yeye akawa anazipokea chini.

Tulipomaliza alibaki amesimama akitazama mti, mahali gome lilipochubuliwa na mnyororo.

"Cha Saba ni kilima kitupu," akasema. "Nitafikaje?"

"Nyuma yangu, kwenye pikipiki."

"Kama gunia la viazi."

"Viazi havilalamiki. Na huko utamimina tu. Neno moja, ndoo moja ikilia, nakuacha hukohuko utembee."

"Mwanangu alioa askari jela."

"Panda, Baba."

Alipanda. Nikaondoa pikapu, pipa likigonga kila shimo, nikashika njia ya nyumbani kuchukua pikipiki twende Kituo cha Saba, kabla hajapata la kuongeza.